Galaksi zilizokoma na chumvi ya Gongoni

Kila darubini ya James Webb inapotoa picha mpya, magazeti yetu huichapisha kwa rangi, nusu ukurasa, na chini yake maneno mawili matatu ya kustaajabu. Sina ugomvi na picha. Ninacholalamikia ni kwamba tumeifanya picha kuwa ndiyo habari, ilhali wanaofanya kazi na Webb huichukulia kama orodha ya washukiwa tu. Hukumu hutolewa na kitu kisichopendeza sana machoni: mchoro wa mstari mmoja wenye vilima na mabonde, unaoitwa spektra, unaoonyesha mwanga una kiasi gani cha kila rangi. Nilifundisha fizikia ya sekondari hapa Malindi hadi nikastaafu, na msimamo wangu ni kwamba Kenya inaweza kuingia katika utafiti wa mbali kabisa wa ulimwengu bila kununua darubini hata moja, mradi tu tukubali kuwafundisha vijana wetu kuusoma mstari huo.

Mfano wangu ni galaksi zilizokoma kuzaa nyota, kwa sababu hapo ndipo udhaifu wa picha na nguvu ya spektra vinapoonekana wazi.

Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, pamoja na gesi na vumbi. Yetu, Njia Nyeupe, bado inazaa: gesi baridi hujikusanya, hujibana kwa uzito wake yenyewe, nyota mpya ikawaka. Lakini ziko galaksi ambazo kazi hiyo imesimama. Jirani yangu mmoja anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni aliposikia nikizieleza aliniuliza, "Sasa Mwalimu, hizo zimekufa au zimelala?" Nikamwambia nyota zake zipo na zinawaka, kilichokoma ni uzazi. Kama ni kifo au usingizi, hilo hutegemea iwapo gesi itarudi.

Galaksi za aina hiyo zilizo karibu nasi ni nyingi na hazimshangazi mtu. Zimezeeka, zimeishiwa gesi. Kinachowanyima wataalamu usingizi ni kuzikuta mbali sana. Mwanga huchukua muda kusafiri, hivyo ukitazama mbali unatazama zamani, na ulimwengu wote una umri wa miaka bilioni 13.8. Mwaka 2023 kikundi kilichoongozwa na Adam Carnall wa Chuo Kikuu cha Edinburgh kilieleza katika jarida la Nature habari za galaksi GS-9209, ambayo tunaiona ilivyokuwa miaka bilioni 1.25 tu baada ya Mlipuko Mkuu ulioanzisha ulimwengu. Tayari ilikuwa na nyota zenye uzito wa Jua letu mara bilioni 38 hivi. Ilikuwa imezizaa nyingi kati ya hizo kwa muda wa miaka milioni 200, kisha ikafunga duka. Mwaka 2025 kikundi cha Chuo Kikuu cha Geneva, kikiongozwa na Andrea Weibel, kikaleta nyingine iitwayo RUBIES-UDS-QG-z7. Hiyo ilikuwa imekwisha kukoma wakati ulimwengu una miaka milioni 700 pekee. Kwa hesabu ya kikundi hicho, galaksi za namna hiyo ni nyingi zaidi ya mara 100 kuliko mifano ya kompyuta ilivyotabiri.

Wanajuaje, na hakuna aliyekuwepo? Ukiingia kijiji usichokijua, usisikie hata kichanga kimoja kikilia, huna haja ya kuuliza uzazi ulisimama lini. Mtafute mtoto mdogo kuliko wote, ukisie umri wake. Nyota nazo zina rika. Zile kubwa za buluu huishi miaka milioni chache tu, kwa hiyo zikikosekana ujue hakuna zilizozaliwa karibuni. Zinazofuata, nyeupe, ambazo wataalamu huziita za aina ya A, huishi kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Haidrojeni iliyo katika tabaka zake za juu hufyonza mwanga wa rangi maalumu, ikiacha mabonde mapana kwenye spektra. Mwanga wa GS-9209 una mabonde hayo, tena yamechimbika vizuri, na mistari ming'avu ambayo nyota changa huiwasha katika gesi iliyozizunguka haionekani. Vichanga hakuna, vijana wapo. Basi uzazi ulikoma miaka milioni mia kadhaa kabla ya mwanga huu kuanza safari.

Picha peke yake ingesema nini? Ingesema galaksi hii ni nyekundu. Lakini wekundu una sababu nyingi. Galaksi yenye nyota kongwe ni nyekundu. Galaksi changa iliyofunikwa na vumbi nayo ni nyekundu, kwa kuwa vumbi huzuia buluu na kupitisha nyekundu, kama tunavyoona Jua linapotua. Na umbali wenyewe hufanya mambo kuwa mekundu, maana ulimwengu unapotanuka, mawimbi ya mwanga hunyooshwa njiani. Mtu mwenye picha tu hana budi kukisia ni sababu ipi.

Na kubahatisha kuna bei yake. Mwaka 2022 picha za Webb zilitoa mshukiwa aliyepewa jina CEERS-93316. Kwa rangi zake, ilikadiriwa kwamba tunaiona miaka kama milioni 240 baada ya Mlipuko Mkuu, na hiyo ingekuwa rekodi ya dunia. Spektra yake ilipopatikana, ikaonekana kuwa ni galaksi ya miaka bilioni 1.2 baada ya mlipuko, ambayo vumbi lake na mistari ya gesi yake vilikuwa vimeigiza rangi za galaksi ya mbali zaidi. Mstari mmoja ulisahihisha takriban miaka bilioni moja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2023. Habari ya rekodi ilienea. Ya masahihisho sikumbuki kuiona katika gazeti lolote la hapa nyumbani.

Mtu atauliza kwa nini kazi hii isifanywe na darubini kubwa zilizo milimani. Imejaribiwa. Karl Glazebrook wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Swinburne, Australia, na wenzake waliifukuza galaksi moja iitwayo ZF-UDS-7329 kwa miaka saba wakitumia darubini kubwa kabisa za Hawaii na Chile, wasiweze kuukamata umri wake. Tatizo ni hewa tunayovuta. Chukua rangi moja nyekundu ya haidrojeni, yenye urefu wa wimbi wa mikromita 0.656. Ikitoka GS-9209 hadi hapa huwa imenyooshwa ikafika mikromita 3.71, ndani kabisa ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Huko mvuke wa maji katika angahewa huzuia sehemu kubwa ya mwanga, na hewa yenyewe, kwa kuwa ina joto, hung'aa ikaifunika galaksi hafifu. Webb iko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nyuma ya ngao inayoikinga na Jua, vioo vyake vikiwa katika baridi ya zaidi ya nyuzi 220 chini ya sifuri. Ilipoelekezwa kwa ZF-UDS-7329, jibu likatoka: galaksi tunayoiona miaka bilioni 2 baada ya Mlipuko Mkuu, yenye nyota zilizokuwa tayari na umri wa miaka bilioni 1.5 hivi. Yaani ilizizaa wakati ambapo, kwa nadharia zilizopo, hapakuwa bado na kitu kikubwa cha kutosha kukusanya gesi nyingi kiasi hicho.

Kifaa kinachofanya kazi hiyo ndani ya Webb kinaitwa NIRSpec, na kilitengenezwa chini ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya. Kina wavu wa vilango karibu 250,000 uliobuniwa na NASA, kila kilango kikiwa na upana wa moja ya kumi ya milimita na urefu mara mbili ya hapo. Kwanza wataalamu hupiga picha na kuchagua galaksi wanazozitaka. Kisha vilango vilivyo mkabala na galaksi hizo huachwa wazi na vingine vyote kufungwa. Mwanga wa galaksi mia na zaidi hupita kwa mkupuo mmoja, hutawanywa rangi kwa rangi, na kila galaksi ikapata mchoro wake.

Swali lililobaki ni nini hasa kinazima galaksi ingali changa. Mtuhumiwa mkuu ni shimo jeusi lililo katikati yake. Spektra ya GS-9209 inaonyesha gesi inayozunguka kwa kasi kubwa karibu na shimo lenye uzito wa Jua mara milioni 500 hivi; la Njia Nyeupe ni kama milioni 4 tu. Gesi inapolimbikana kulizunguka shimo, huchemka na kutoa nishati inayoweza kuifukuza gesi nyingine nje ya galaksi. Mwaka 2024 watafiti wa Cambridge walieleza galaksi GS-10578 ambayo gesi yake inakimbia kwa kasi ya takriban kilomita 1,000 kwa sekunde, na inayotoka ni nyingi kuliko ile inayogeuka kuwa nyota. Mwaka huohuo Sirio Belli wa Chuo Kikuu cha Bologna na wenzake wakaonyesha jambo kama hilo katika COSMOS-11142. Waliitambua gesi baridi iliyokuwa ikitoroka kwa sababu ya sodiamu iliyomo.

Sodiamu hiyo wanafunzi wangu waliifahamu. Nilikuwa nikichota chumvi ya Gongoni, nikimwaga chembe kwenye mwali wa gesi maabara, mwali ukageuka manjano. Kisha niliwapa kisanduku cha kiatu chenye tundu jembamba na kipande cha CD iliyokatwa, watazame. Waliona mstari mmoja wa manjano umesimama peke yake, palipofaa kuwa na rangi zote. Mstari huo una urefu wa wimbi wa mikromita 0.589. Gesi baridi yenye sodiamu hufanya kinyume: badala ya kutoa rangi hiyo, huiiba kutoka kwa mwanga unaopita. Katika COSMOS-11142 wizi huo unaonekana karibu na mikromita 2.03, ambapo ndipo 0.589 hufika baada ya kunyooshwa na safari. Na kwa kuwa pengo limesogea kidogo upande wa buluu ukilinganisha na nyota za galaksi hiyo, tunajua gesi inakuja upande wetu, yaani inatoka nje. Yote hayo yanasomwa kwa kanuni ambayo mtoto wa kidato cha tatu anaweza kuishika mkononi.

Pwani hii haina ugeni na mashimo meusi. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco mbele ya ufuo wa Ngomeni ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru, kwa heshima ya sikukuu yetu ya siku hiyo. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kuchunguza eksirei kutoka angani, na data zake kuhusu chanzo cha eksirei kiitwacho Cygnus X-1 zilisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipata Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Miaka 51 baada ya Uhuru, siku ya Krismasi ya 2021, Webb iliporushwa kutoka Guyana ya Ufaransa, kituo cha anga za juu cha hapa Malindi kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo kupokea ishara zake ilipoachana na roketi. Kwa zaidi ya nusu karne tumetoa ufuo, mafundi na walinzi. Wa kuzisoma data tumetoa wangapi?

Tunachotoa kwa wingi ni uvumi. Katika kundi letu la WhatsApp la walimu wastaafu huja kila mara ujumbe uleule: Webb imethibitisha kwamba Mlipuko Mkuu haukutokea. Lisemwalo lipo, ila si kwa namna linavyosemwa. Kweli kuna tatizo, na wanaolitangaza ni wataalamu wenyewe: galaksi zimekua haraka na kukoma mapema kuliko mifano inavyokubali. Lakini mifano hiyo ni hesabu za jinsi gesi inavyopoa, nyota zinavyozaliwa na mashimo meusi yanavyolishwa. Ni mambo magumu, na makadirio yake yamekuwa yakirekebishwa miaka yote. Ulimwengu kutanuka ni jambo jingine, na spektra hizohizo ndizo zinazolishuhudia kila mstari unapokutwa umenyooshwa. Huwezi kuikubali spektra inapoleta fumbo, ukaikataa inapotoa ushahidi. Kwa asiyeweza kuisoma, ujumbe wa WhatsApp na makala ya Nature vina uzito mmoja.

Sasa nije kwenye dai langu. Spektra za Webb huwekwa kwenye hifadhi ya data iliyoko Baltimore, Marekani, na muda wa upendeleo wa walioziomba ukiisha, yeyote mwenye intaneti anaweza kuzichukua bure. Mradi wa RUBIES, uliotupatia galaksi ile ya miaka milioni 700, ulipewa takriban saa 60 za darubini, ukapima maelfu ya galaksi, na data zake ziliachiwa umma bila kungoja. Huko Copenhagen kuna hifadhi nyingine inayozitoa zikiwa zimesafishwa tayari. Anayetaka kuomba muda wake mwenyewe anaruhusiwa, awe wa nchi yoyote, na wanaochuja maombi hufichwa majina ya waombaji. Ushindani ni mkali, maana awamu ya nne ilipokea maombi zaidi ya 2,300, lakini hakuna anayeweza kusema lake lilitupwa kwa sababu ya jina la Kimijikenda.

Tena tazama ni nani waliofanya kazi hizi. GS-9209 iliorodheshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 na Karina Caputi, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya uzamifu. Andrea Weibel naye alikuwa mwanafunzi wa uzamifu alipoongoza utafiti wa mwaka 2025. Ni rika la vijana wetu wanaozunguka na vyeti vya fizikia wakitafuta kazi ya kuuza bima. Intaneti nayo tunayo: nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Kinachokosekana ni mhadhiri mmoja aliyeachiwa muda, wanafunzi wanne watano, kompyuta nzuri na ufadhili usiokatika katikati ya mwaka.

Najua nitakachoambiwa, kwa sababu nimeambiwa tayari, na mpwa wangu, tukiwa tunasubiri bowsa la maji. "Shangazi, hapa mfereji umekauka, wewe watuletea galaksi?" Sitamdanganya mtu. Galaksi haitamletea maji. Lakini maji yakija, nani atatuambia yana nini ndani? Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliposumbuliwa na sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, vita vyao vilihitaji vipimo vya maabara kabla ya mahakama kuwapa fidia mwaka 2020. Njia moja kuu ya kupima risasi katika damu au udongo ni kupitisha mwanga kwenye sampuli iliyogeuzwa mvuke na kuona ni rangi ipi atomu zimeiiba. Ni elimu ileile ya sodiamu ya COSMOS-11142. Nchi yenye watu wanaosoma spektra za galaksi haitakosa wa kusoma spektra ya kisima.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na hakuna lililo ghali. Kwa walimu: chumvi, mwali na kipande cha CD viingie darasani kabla ya mlinganyo wa kwanza kuandikwa ubaoni. Kwa wahariri: mkichapisha picha ya Webb, chapisheni na mchoro wa spektra pembeni yake, na mtafuteni mtu wa kuueleza; wasomaji wanaochambua jedwali la ligi ya Uingereza kila Jumatatu hawawezi kushindwa na mstari mmoja. Na kwa Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, ambacho kwa gari hakiko mbali na Ngomeni: anzisheni kikundi kidogo cha kusoma data hizi mwaka huu, mkiwa na mlicho nacho. Galaksi zilizokoma ambazo hazijatambuliwa bado zimo ndani ya hifadhi hizo, na zitaandikwa kwa jina la atakayezisoma kwanza.